Kwa mnaoanza kutafiti vichocheo nafuu vya hidrojeni

Wadogo zangu mnaoingia maabara mwaka huu, iwe Makerere, Mbarara au Kyambogo hapa Uganda, nawaomba jambo moja: grafu ikitoka nzuri, kabla ya kuishangilia jiulizeni ni metali gani hasa imefanya kazi.

Wengi hutafuta kichocheo kisicho na platini cha kupasulia maji kwa umeme ili kupata hidrojeni, halafu elektrodi ya pili wakaweka waya wa platini. Ukiwa anodi (upande unaotoa oksijeni), waya huo huyeyuka kidogo kidogo. Ayoni zake hufika kwenye kathodi (upande unaotoa hidrojeni) na kujipaka juu ya nikeli au molibdeni yako. Kadiri saa zinavyopita kichocheo kinaonekana kuimarika, nawe unaisifu nikeli bure. Tumia fimbo ya grafaiti, tena uitenge kwa utando.

Upande wa oksijeni, chunga chuma. Potasiamu haidroksaidi ya dukani mnayoitia majini kutengeneza elektrolaiti (kimiminika kinachopitisha umeme), hata yenye lebo ya usafi, huwa na chembe za chuma, na nikeli huzinyonya. Mtafiti Corrigan alionyesha mwaka 1987 kwamba chuma kidogo tu huifanya nikeli itoe oksijeni kwa urahisi zaidi. Basi tia nikeli haidroksaidi safi ndani ya elektrolaiti, tikisa, iache itue, kisha chota maji ya juu. Chuma kitabaki kwenye mashapo. Baada ya hapo ongeza chuma wewe mwenyewe, kwa kipimo unachokijua. Nikeli yenye chuma hivyo ni kichocheo halali kabisa, na bei yake ni ya chini.

Kobalti ya mgodi wa Kilembe inatuvutia sote, naelewa. Hata hivyo nikeli na chuma ni vya bei nafuu kuliko kobalti, kwa hiyo anzeni hapo.

Kinadharia maji hupasuka kwa volti 1.23, lakini mitambo ya viwandani huhitaji karibu 1.8 hadi 2. Kilo moja ya hidrojeni hula takribani kilowati-saa 50, kwa hiyo kila sehemu ya volti mnayoipunguza ni umeme wa bwawa la Karuma uliookolewa.

Umeme ukikatika katikati ya jaribio la uimara, msilitupe. Mtambo ukizimika ghafla, mkondo huweza kurudi nyuma na kuiharibu kathodi, na hali hiyo ndiyo kichocheo kitakayokutana nayo kikiendeshwa kwa sola. Andikeni saa uliyokatika na saa uliyorudi, washeni tena kwa mkondo uleule, mlinganishe volti.