Kuanzisha mafunzo ya msingi ya tiba ya dharura: anza na ratiba ya zamu

Ukikabidhiwa kazi ya kuanzisha mafunzo ya msingi ya tiba ya dharura kwa madaktari chipukizi, mkono utakuwasha kuandika mtaala. Subiri kidogo. Mitaala ipo mingi na baadhi ni mizuri sana. Programu nyingi za aina hii zinafia kwenye karatasi moja iliyobandikwa ukutani karibu na meza ya wauguzi: ratiba ya zamu. Chukua kalamu uanze na hiyo.

Hesabu yake ni hii. Tuseme idara inataka madaktari wawili wa mafunzo kila zamu, na siku ina zamu tatu za saa nane. Hizo ni nafasi 6 kwa siku, 42 kwa wiki. Ukipewa madaktari 8, kila mmoja akifanya zamu 5, unapata zamu 40. Umeshapungukiwa mbili kabla hajaugua mtu, na darasa bado hujaliweka. Ukiwa na 12, unapata zamu 60. Toa wawili walio likizo, zinabaki 50. Toa nusu zamu ya darasa kwa kila mmoja wa wale 10, jumla zamu 5, zinabaki 45. Akiba yako ni zamu tatu kwa wiki nzima, na hapo ndipo idara ya namna hiyo inaanza kupumua. Uongozi ukikupa wanane tu, punguza nafasi za zamu unazoahidi. Darasa usiliguse, maana likikatwa wiki ya kwanza halirudi.

Darasa kulindwa kuna maana moja: kwa saa 4 hizo daktari aliye mafunzoni hashiki simu ya idara, na wagonjwa wanaonwa na mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye ratiba. "Tutajipanga" si jina la mtu. Aliyetoka zamu ya usiku aende kulala. Mada ile ile irudiwe wiki inayofuata kwa waliokosa. Daktari anayesinzia kiti cha nyuma anahesabika kwenye daftari la mahudhurio, lakini hajafundishwa chochote.

Ratiba ikishakaa, sasa njoo kwenye mada, na usizipange kwa mifumo ya mwili kama kitabu cha kiada. Mgonjwa haji akisema ana mgando wa damu kwenye mapafu. Anakuja anahema, au ameanguka, au ndugu wanasema "amebadilika tangu asubuhi". Chukua daftari la mapokezi la miezi mitatu iliyopita, hesabu malalamiko yaliyowaleta watu, kisha chukua vifo vilivyotokea ndani ya saa 24 za kwanza uvihesabu peke yake. Utapata safu mbili zisizofanana. Safu ya kwanza ni ya mambo ya kila siku: majeraha, maumivu ya tumbo, homa, pumu. Hayo yafundishwe kando ya kitanda, kwa sababu wagonjwa wa kufundishia wapo. Safu ya pili ina mambo yanayotokea mara chache na kuua haraka: mzio mkali, kifafa cha mimba, hewa iliyonaswa kifuani ikibana moyo, mtoto aliyeacha kupumua. Hayo usiyasubirie kitandani, yatafutie mazoezi ya kuigiza. Kosa la kawaida ni kinyume chake: mihadhara mirefu juu ya yale ambayo wodi ingeyafundisha yenyewe, na matumaini matupu kwamba yale ya nadra "watayaona mbele ya safari".

Kama huna pa kuanzia kabisa, kozi ya huduma ya msingi ya dharura iliyotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu inatosha kuwa wiki ya kwanza. Inamfuata mgonjwa kwa mpangilio ule ule kila mara: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha kumvua nguo na kumkagua mwili mzima. Halafu inaingia kwenye makundi manne: majeraha, kupumua kwa shida, mshtuko wa mzunguko wa damu, yaani damu isiyofika viungoni vya kutosha, na kubadilika kwa fahamu. Ilitengenezwa kwa sehemu zenye vifaa vichache, kwa hiyo hutakwama kwa kukosa mashine. Wiki ya pili iwe ya zamu za kuambatana: daktari mpya anamfuata mzoefu, na hahesabiwi kwenye idadi ya waliopo zamu. Uongozi utakwambia wiki hiyo ni anasa. Kataa. Asiyejua oksijeni ya akiba inakaa wapi atajifunza siku atakapoihitaji, na siku hiyo itamkuta na mgonjwa anayebadilika rangi.

Hapo hapo kwenye oksijeni, wafundishe hesabu. Silinda yenye lita 680, ikifunguliwa kwa lita 15 kwa dakika, inaisha ndani ya dakika 45 hivi. Kumpeleka mgonjwa kupigwa picha na kumrudisha kunaweza kula muda wote huo. Kila daktari aweze kupiga hesabu hiyo kichwani kabla hajasukuma kitanda.

Stadi za mikono ndizo zinazostahili muda mrefu kuliko vyote, na kila meza iwe na mkufunzi mmoja kwa watu wanne au watano. Wakizidi hapo, wa nyuma wanageuka watazamaji. Chukua mfano wa adrenalini, maana ndiyo inayofanya watu wakosee hata wakiwa wamefaulu mtihani. Ampuli, kile kichupa cha dawa, ni moja, ina miligramu 1 ndani ya mililita 1, lakini matumizi yake makuu ni matatu. Mtu mzima mwenye mzio mkali anapata miligramu 0.5, yaani nusu mililita, kwenye msuli wa paja upande wa nje. Mtu mzima ambaye moyo umesimama anapata miligramu 1 kwenye mshipa kila dakika 3 hadi 5. Mtoto ambaye moyo umesimama anapata miligramu 0.01 kwa kila kilo, kwa hiyo mwenye kilo 10 anastahili miligramu 0.1. Hiyo inapimwa kwa kuchanganya ampuli na mililita 9 za maji ya chumvi, kila mililita ikabeba miligramu 0.1, kisha anapewa mililita 1.

Mtu akiingiwa na hofu, kichwa kinashika namba iliyo rahisi kukumbuka, "miligramu moja". Ndipo mtoto anapopewa mililita 1 isiyochanganywa, mara kumi ya kipimo chake. Au mgonjwa wa mzio ambaye bado anaongea anachomwa miligramu nzima kwenye mshipa, shinikizo la damu linaruka na mapigo ya moyo yanavurugika. Maelezo pekee hayatibu kosa hili. Weka kadi tatu mezani, moja kwa kila hali, mwanafunzi achague bila kuangalia, na ndani ya sekunde 60 awe amevuta kipimo sahihi kwenye bomba la sindano linalofaa huku mwenzake akisoma lebo kwa sauti. Arudie mpaka afanye mara tano mfululizo bila kosa. Akikosea mara ya nne, anaanza moja upya. Watalalamika. Waache walalamike.

Jambo la pili ni ambu, ule mfuko wa kupumulishia. Mfuko wa mtu mzima unabeba karibu lita moja na nusu, na pumzi anayoihitaji mgonjwa ni mililita 500 hadi 600. Anayeubana mpaka pande zikutane anasukuma hewa tumboni, mgonjwa anatapika, matapishi yanaingia kwenye mapafu. Wafundishe kubana kama theluthi moja, kwa sekunde moja, mpaka kifua kianze tu kuinuka, kisha waachie. Mtu mzima mwenye mapigo ya moyo inamtosha pumzi moja kila sekunde 6. Mkufunzi akae pembeni ahesabu kimya kimya kwa dakika nzima, ndipo amtajie mwanafunzi idadi. Wengi wakiwa na presha hupita 20 bila kujua, na namba hiyo inawashtua kuliko karipio lolote. Barakoa ishikwe na mtu mmoja kwa mikono miwili, wa pili abane mfuko.

Kwenye kukandamiza kifua: mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, 30 kwa pumzi 2, na anayekandamiza abadilishwe kila dakika 2 hata akisema hajachoka.

Kuingiza mrija kwenye koo? Kila kundi linaliulizia siku ya kwanza. Katika mafunzo ya msingi liweke mwisho kabisa, chini ya mikono ya wataalamu wa dawa za usingizi. Daktari anayejua ambu vizuri anamweka mgonjwa hai mpaka msaada ufike. Anayejua mrija nusu nusu atapoteza dakika nne akitafuta pa kuuingiza.

Mazoezi ya kuigiza yafanyike ndani ya chumba chenyewe cha kufufulia, pamoja na wauguzi wa zamu, dakika 10 za tukio na 20 za mazungumzo baadaye. Yakifanyika ukumbini hutagundua kwamba waya wa mashine ya kunyonya haufiki kwenye soketi. Ila kuna hatari moja ambayo wageni hawaioni: dawa za mazoezi kubaki kwenye toroli la kweli. Ampuli iliyojazwa maji, ikichomwa kwa mgonjwa wa kweli saa nane usiku, haimsaidii. Ziweke kwenye mfuko wa rangi tofauti, kila moja iandikwe ZA MAZOEZI kwa wino usiofutika, zihesabiwe zikitoka na zikirudi, na asitoke mtu chumbani mpaka hesabu ikae sawa.

Usimamizi wakati wa zamu unahitaji orodha fupi ya "piga simu", iliyobandikwa mahali inaposomeka. Namba ya juu ya shinikizo la damu ikiwa chini ya 90. Oksijeni kwenye damu chini ya asilimia 90 hata baada ya kupewa oksijeni. Fahamu kwenye kipimo cha Glasgow, kinachoanzia 3 hadi 15 ya fahamu kamili, ikiwa 8 au chini, au imeshuka pointi mbili. Mgonjwa yeyote aliyerudi ndani ya saa 72. Mtoto mchanga yeyote kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Faida ya orodha ni kwamba daktari mchanga hapimi tena kama swali lake ni la kijinga, karatasi imeshaamua. Na bingwa anayepigiwa afike, au atoe agizo linaloandikwa. Akimfokea mpiga simu mara moja tu, habari inafika kwa kundi zima kabla ya zamu kwisha, na kuanzia hapo simu hazipigwi.

Tathmini usiifanye nzito. Mara mbili kwa wiki, msimamizi amtazame daktari akimhudumia mgonjwa mmoja kwa dakika 10, kisha wakae dakika 5: lipi lilikwenda sawa, lipi libadilike kesho. Kwa kila stadi mpe ngazi: anatazama, anafanya ukiwa pembeni yake, anafanya ukiwa jirani, anafanya peke yake, anafundisha wengine. Ngazi hizo zina maana kuliko alama 72 kwa mia, kwa sababu msimamizi wa usiku anataka kujua jambo moja, amwache au asimwache. Daftari la stadi lisainiwe ndani ya saa 48. Usipoweka kikomo hicho, wiki ya mwisho utaletewa madaftari yenye vidonda 30 vilivyoshonwa, kalamu moja, mwandiko mmoja.

Stadi za ufufuaji zinaanza kufifia ndani ya miezi michache. Dakika 10 za zoezi moja kwenye makabidhiano ya zamu kila wiki zinasaidia kuliko kozi kubwa ya mara moja kwa mwaka, na gharama yake ni ndogo mno.

Ili ujue kama kazi inazaa, chagua vipimo vitatu tu, mafaili 20 kila mwezi: mwenye maumivu ya kifua alipimwa umeme wa moyo ndani ya dakika 10? Mwenye mshtuko unaotokana na maambukizi alipata antibiotiki ndani ya saa moja? Aliyebadilika fahamu alipimwa sukari? Hilo la mwisho ni rahisi kuliko yote, na ndilo linalosahaulika zaidi pale mgonjwa anaponuka pombe.

Kundi la kwanza likikaribia kumaliza, usiwabadilishe wote siku moja. Idara itaamka na madaktari 12 wasiojua difibrileta, mashine ya kushtua moyo kwa umeme, ilipo. Waache nusu watangulie kuondoka, nusu wabaki wiki mbili na wageni, na zamu zao za mwisho wawe ndio wanaosimamia meza ya adrenalini.