Kabla hujanunua tela ya kulala, ipime pikapu na familia ikiwa ndani

Kila Agosti ikikaribia napata meseji zile zile, dada nimeona tela inauzwa, mie nna dabo kebin, itavuta? Na jibu langu huwa ni swali, mko wangapi, na mamako anakuja na seredani yake ya makaa au haji? Watu hudhani nafanya mzaha. Hilo swali la seredani lilinichukua miezi minane kulijua, na pesa ambazo sitazitaja hapa kwa sababu babake watoto husoma.

Sisi ni watu wa Bamburi. Disemba wageni wa bara wakishashuka na joto la kaskazi likikaza, hapa hapakaliki, sisi hupanda milima ya Taita. Agosti pia shule zikifungwa, watoto wataka kuona ukungu na kuvaa sweta, maana sweta mtoto wa Mombasa ataivaa wapi jamani. Miaka yote tulikuwa twakodi vyumba viwili Wundanyi, huko huko Taita, mpaka tukaingiwa na hii fikra ya tela, uivute na pikapu yako, ulale unapotaka, uamke unapotaka.

Tukaipata kwa mtu, mtumba lakini safi, kitanda cha wakubwa, vitanda vya watoto, jiko, sinki, hadi mapazia. Kitabu cha pikapu yetu kinasema inavuta kilo 2,500 ikiwa tela ina breki zake. Muuzaji akatuonyesha kibati cha tela, kilo 1,650, akasema dada hapo wabakiwa na kilo 850 za kuchezea. Tukatazamana tukaona tumeokota dodo. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hakuna mwenzio kuliko anayekuuzia tela.

Ile 1,650 ni uzito wa tela tupu. Tupu kabisa, haina hata kijiko. Sasa tia maji tangi la lita 120, hizo ni kilo 120 hapo hapo, tia mitungi miwili ya gesi ile ya kilo 13, na mtungi ukijaa unafika kilo ishirini na kitu kwa sababu chuma pia kina uzito wake, tia betri, magodoro, turubai la kivuli, viti, jenereta, jerikeni nne za maji ya kunywa, masufuria ya pilau, mkeka, kisha mamangu anatokea mlangoni na seredani na gunia la makaa anasema chakula cha gesi hakina ladha. Utamwambia nini? Tukatia. Nyuma ya tela palikuwa na kisanduku kikubwa na vitu vizito vyote tukavisukumiza humo maana ndani hatukutaka makaa.

Safari ya kwanza ilikuwa Agosti. Mpaka Mariakani hakuna neno, naendesha mie, kila mtu anaimba. Tumepita Taru kidogo barabara imenyooka, lori la kontena likaja mbele yetu kasi, lilipotupita upepo wake ukatusukuma kisha ukatuvuta, na tela ikaanza kupiga mkia. Kulia, kushoto, kulia, na kila mara inazidi, kama papa aliyenasa kwenye mshipi. Babake watoto akapiga kelele breki! nikakanyaga breki, na hapo ndipo ikawa mbaya kabisa, wallahi niliona tela kwenye kioo cha pembeni yote kamili, yaani nimeiona ubavu wake.

Kama hutasoma kingine chochote hapa soma hili. Tela ikipiga mkia usikanyage breki ya gari, maana gari ikipunguza kasi ghafla tela inaisukuma kwa nyuma na kuipinda. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka usijaribu kuifukuza, na kama tela ina breki za umeme zenye kidude chake cha mkononi, kibonyeze hicho peke yake, ivutwe nyuma mpaka inyooke. Sisi ilinyooka yenyewe kwa bahati tu, mie nilikuwa nishaanza kupiga shahada.

Tukasimama Mackinnon Road, pale msikitini kwa Sayyid Baghali Shah ambapo madereva wengi husimama kuomba dua. Mzee mmoja wa malori akatuona tumekaa chini kimya, akazunguka tela mara moja, akafungua kile kisanduku cha nyuma akacheka. Akatuambia tuifungue kwenye gari, akaishika ile shingo ya tela kwa mikono miwili akainyanyua. Mzee wa miaka sitini na kitu! Akasema, "Mwanangu, hii ni nyepesi mbele, lazima itingishe mkia. Shingo mtu asiweze kuinyanyua."

Ndio somo lenyewe. Ile sehemu ya tela inayokalia gari, mie naiita shingo, inatakiwa ibebe kiasi cha asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wa tela ikiwa imepakiwa. Vitu vizito vikae karibu na ekseli na mbele yake kidogo, chini sakafuni, na nyuma kabisa uweke mito na nguo. Tukahamisha jenereta, makaa, jerikeni zote mbele, na kweli, kutoka hapo mpaka Voi tela ilitulia kama imelala.

Lakini sasa pikapu ikakaa kitako. Nyuma imeshuka, pua imeinuka, usukani umekuwa mwepesi kama wa tuktuk, na usiku taa zinamulika ndege. Tukapanda Wundanyi kutoka Mwatate, zile kona mnazijua, gia ya kwanza na mshale wa joto unapanda. Kushuka siku ya kurudi ndio sitaki kukumbuka, breki zilinuka mpaka mamangu akauliza nani anachoma nyama. Ukishuka kule weka gia ndogo tangu juu, uiache injini izuie, breki ukanyage kidogo na kuachia, usizilalie.

Tuliporudi nikasema mie sisafiri tena kwa kubahatisha. Tukapakia kila kitu kama tunakwenda, watoto ndani, mamangu ndani (alikasirika kupimwa), tukaenda yadi moja Changamwe wana mizani ya malori, tukalipa tukapima. Fungua mlango wa dereva wa pikapu yako utaona kibati au stika, tafuta GVM, huo ni uzito wa juu kabisa gari ikiwa na watu, mafuta, mizigo, kila kitu. Yetu ni 2,800. Gari tupu na tangi limejaa, 1,860. Kwa hivyo nna kilo 940 za kupakia. Nyingi eeh? Ngojea. Ile bulba, ngao ya chuma ya mbele, kava la nyuma na keria ya juu ambavyo tulivifunga kwa urembo, 155. Sisi watu wazima watatu na watoto wawili, 325. Friji, chakula, vifaa, tairi ya pili ya akiba, 210. Imebaki 250. Na tela yetu ilipopimwa imejaa ilikuwa 2,240, haijafika 2,500, muuzaji hakudanganya. Ila shingo baada ya kupangwa vizuri ilikuwa 270, na hizo 270 zinabebwa na pikapu, zinahesabika kama mzigo wa pikapu. Nimeshapita kwa kilo 20. Tena zote zinaning'inia nyuma ya ekseli, kwa hivyo zinakandamiza magurudumu ya nyuma na kuyainua ya mbele, ndio maana ya ule usukani wa tuktuk.

Yaani shingo ikiwa nyepesi tela inapiga mkia, ikiwa sawa pikapu imezidiwa. Hapakuwa na namna ya kuipanga ile tela ikakubaliana na ile gari na ile familia. Kununua springi nzito hakusaidii, fundi mmoja alinishauri hivyo, springi zitainua nyuma ikae vizuri machoni lakini GVM kwenye kibati haibadiliki, chesisi ni ile ile na breki ni zile zile. Kuna na namba nyingine, GCM, ya gari na tela kwa pamoja, hiyo pia iangalie kitabuni, kuna pikapu zinatangazwa zinavuta 3,500 lakini ukiijaza pikapu yenyewe mpaka juu, GCM haikuruhusu tena kuvuta hizo 3,500.

Shingo waweza kupima nyumbani na mizani ya bafuni. Mizani yenyewe haifiki mbali kwa hivyo tumia ubao mnene, ncha moja iweke juu ya mizani, ncha nyingine juu ya tofali la kimo sawa na mizani, halafu shingo ya tela ikalie ubao futi moja kutoka kwenye tofali na futi mbili kutoka kwenye mizani. Unachosoma zidisha kwa 3. Sisi tulisoma 30 tulivyopakia vibaya, na 90 tulivyopakia vizuri. Magurudumu ya tela yawekee mawe kwanza, tafadhali.

Kama injini yako ya dizeli haina tabo jua pia itachoka ukipanda, hupoteza nguvu kiasi cha asilimia 10 kwa kila mita 1,000, na Wundanyi iko zaidi ya mita 1,300 wakati sisi twatoka baharini kabisa. Yenye tabo hainuni sana.

Haya, toba. Huku kwetu mafundi wote wanaita hicho chuma cha kuvutia toba, na mie nimetubu juu yake kweli. Isiwe imechomelewa kwenye bampa, ifungwe kwa bolti kwenye chesisi na iwe na kibati cha uzito wake, maana gari inaweza kuvuta 2,500 na toba ikawa ya 1,500, basi wewe ni wa 1,500. Lile boli la duara linalokaliwa na shingo angalia kipimo chake, mengi ni milimita 50 lakini kuna ya Kimarekani madogo zaidi, shingo ya 50 itayakalia vizuri tu hapo nje, ikaja kuruka kwenye shimo. Minyororo ya usalama ipite chini ya shingo kwa kupishana, ikiachia inaangukia kwenye minyororo badala ya kwenye lami.

Na sisi watu wa pwani tuna adui mwingine, chumvi. Tela inakaa miezi minne nje Bamburi haiendi popote, beringi zinaota kutu, breki zinashikana, taa hazishiki mguso. Kabla ya kila msimu nafungua beringi natia grisi mpya, na tairi naangalia zile tarakimu nne ubavuni, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, kashata ziko nyingi tamu zikiwa kuukuu lakini tairi hapana, yaweza kuwa na meno yote na imekufa kwa jua. Zikipita miaka sita mie siendi nazo bara. Ukinunua tela ya kutoka Ulaya bara pia angalia mlango uko upande gani, zao nyingi mlango uko kulia, ukisimama kando ya barabara zetu mtoto anashuka kwenye malori. Za Uingereza ziko kushoto, zatufaa. Namba ya usajili ya tela ni yake mwenyewe, zile zinazoanza na Z, usikubali kuambiwa itatumia ya gari.

Na majaribio usifanye njia ya Nairobi. Nenda Kilifi urudi, imejaa kama unasafiri. Pale juu ya daraja msimu wa kusi upepo unakupiga ubavuni, kama tela ina tabia mbaya utaijua pale, na uko saa moja na kitu kutoka nyumbani.

Siku hizi tuna katela kadogo, tupu kilo 620, hema linafunguka juu, jiko linatoka kwa nyuma, tukijaza kila kitu 980 na shingo ni 105. Pikapu haijui kama imebeba. Watoto hulala juu na sisi chini, mamangu alipanda ngazi ya hema mara moja akasema hiyo ni ya nyani, kwa hivyo yeye tunamkodia chumba na seredani yake.

Ile kubwa tuliiuza Mtwapa. Aliyenunua kaitoa magurudumu, kaiweka juu ya mawe, anauza mahamri na mbaazi asubuhi na viazi karai jioni kupitia lile dirisha la jikoni. Mapazia ni yale yale yangu.