Cheti cha mama kimeandikwa "EGFR". Je, na sisi watoto tumerithi?

Shikamoo Mama Muuguzi. Mama yangu ana miaka 58, anaishi Moshi, hajawahi kuvuta sigara. Alianza kukohoa mwaka jana, akameza dawa za TB miezi sita ingawa makohozi hayakuonyesha vimelea. Aliposhindwa kupanda ngazi za kanisani ndipo akatolewa maji kifuani na kukatwa kipande kidogo cha nyama cha kupima: saratani ya mapafu, imeshasambaa. Juzi kimekuja cheti kingine, "EGFR, eksoni 19 imekatika". Kaka anasema huu ni ugonjwa wa ukoo, na anataka tuuze kiwanja tununue vidonge. Usiku mama halali kwa kukosa pumzi. Tuanzie wapi? – Binti, Moshi

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuuguza, na pole kwa ile miezi sita. Inaniuma kila ninapoisikia, na huisikia mara nyingi mno.

Mwambie kaka hivi: EGFR ni jeni, yaani agizo ndani ya seli linaloiambia ikue, na hitilafu hiyo imetokea ndani ya seli za pafu la mama akiwa mtu mzima. Hakuzaliwa nayo, na kwa kawaida hairithiwi. Kipande kidogo cha jeni hiyo, kwenye sehemu yake iitwayo eksoni 19, kimekatika, seli ikabaki inaamriwa kukua bila kukoma. Huonekana zaidi kwa watu kama yeye, wasiovuta sigara. Hakuna alichokosea.

Sasa pumzi, maana hiyo haisubiri cheti. Niliwahi kumuuguza fundi seremala aliyelala amekaa wiki tatu, paji la uso likiegemea mto juu ya meza, mkewe akimshika mabega asianguke. Tulimtoa maji yaliyokuwa yamejaa tena kifuani, tukampa morfini ya maji kwa dozi ndogo. Mkewe akawa anampepea mashavuni na puani kwa kipepeo cha ukili, kile cha kuwashia mkaa. Upepo usoni hupunguza ile hofu ya kukabwa. Usiku wa pili alilala, na mkewe naye akalala. Kwa hiyo kesho ulizeni kama maji ya mama yamerudi. Na morfini msiikimbie. Ikitolewa kwa kipimo haimalizi mtu, inampumzisha.

Vidonge vipo kweli. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani waligundua kwamba wenye hitilafu hii ndio wanaoitikia gefitinibu. Kuna pia erlotinibu, na kuna osimertinibu, ambayo ni mpya zaidi na hufika vizuri kwenye ubongo. Katika utafiti uliochapishwa 2018, nusu ya waliomeza osimertinibu walikaa miezi 18.9 au zaidi bila ugonjwa kusonga mbele. Kwa zile mbili za zamani ilikuwa miezi 10.2. Sitakuficha, mwanangu: kwa hatua aliyofika mama, havimalizi saratani. Lakini nimeona mgonjwa aliyebebwa mgongoni akirudi kliniki kwa miguu yake.

Kiwanja kisiuzwe kwanza. Erlotinibu imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2019, na ipo inayotengenezwa na viwanda vingine kwa bei nafuu. Mwulizeni daktari wa saratani ipi inapatikana kwenu na bima inalipa nini. Msikubali kumeza masalia ya mgonjwa mwingine, wala msimpe mtu ya kwenu: asiye na hitilafu hii husaidiwa zaidi na dripu za kemo, na mwenye ya eksoni 20 mara nyingi haitikii vidonge hivi.

Akianza, huenda akatoka vipele usoni kama chunusi, akaharisha, na pembeni mwa kucha pakauma. Semeni mapema, vinatibika. Msiache dawa kimyakimya.

Saratani ya aina hii hupenda kupanda kichwani. Mama akiamka na kichwa kinachouma na kutapika, mguu mmoja ukilegea, au akianza kupoteza maneno, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili.