Kikatizo hupitia kwa mwenyeji kwanza

Kaka, umeuliza kama kikatizo cha kadi ya mtandao, yaani ishara ya kuiambia prosesa iache kazi yake na kuihudumia kadi, huingia moja kwa moja kwenye prosesa pepe (prosesa ya kompyuta pepe). Hapana, kwa kawaida hakiingii. Kwenye Linux yenye KVM (sehemu ya Linux inayoendesha kompyuta pepe), kikatizo cha kifaa halisi kikifika wakati mgeni, yaani kompyuta pepe, yuko kazini, prosesa halisi humtoa na kurudi kwenye kerneli (kiini cha mfumo) ya mwenyeji, yaani kompyuta halisi. Kerneli hiyo ndiyo hukishughulikia, na kama kinamhusu mgeni, humpachikia wakati wa kumrudisha ndani. Mgeni akiwa amezima vikatizo, kinangoja hadi avifungue. Huko kutoka na kuingia ndiko kunakokula muda, hivyo seva yako ya hapo Ujiji inaweza kuelemewa pakiti za mtandao zikiwa nyingi, hata kama programu zenyewe ni nyepesi.

Ila prosesa za Intel zenye APICv, na za AMD zenye AVIC (uwezo wa prosesa yenyewe kushughulikia vikatizo vya mgeni), zinaweza kumfikishia mgeni kikatizo anachopachikiwa na mwenyeji bila kumtoa. Kwa Intel, soma faili /sys/module/kvm_intel/parameters/enable_apicv. Ukiona Y, imewashwa. Usikisie kwa jina la prosesa tu: kompyuta za mezani za ofisini kwetu hapa Mwanga ni Intel, na zote zinasoma N.