Zebaki, Utaridi na mitambo ya Tunguu

Mwanangu Rukia,

Waalaikumu salaam. Huku Unguja hatujambo, ila baba'ako mguu unamsumbua tena. Ujumbe wako wa Geita nimeusoma. Umeiona chupa ya zebaki imeandikwa "Mercury", ukauliza imekuwaje madini, sayari na yule mwimbaji wetu Freddie Mercury waitwe jina moja, na nani kamwibia mwenziwe.

Hakuna mwizi. Wote wamekopa kwa Mercurius, mungu wa Warumi wa kale, mlinzi wa wafanyabiashara na tarishi wa miungu wenzake. Tarishi hakai kitako, basi sayari iendayo mbio kuliko zote, inayolizunguka jua kwa siku 88, ikapewa jina lake. Kisha wakaja wanaalkemia, wale waliohangaika kugeuza madini ya risasi yawe dhahabu. Wao kila sayari waliipa madini yake: jua dhahabu, mwezi fedha, na hii fedha ya majimaji isiyoshikika wakampa Mercurius. Madini mengine yaliyaacha majina hayo, hili likang'ang'ania. Sisi udugu huo hatuuoni kwa sababu tulichukua kwa Waarabu maneno mawili: Utaridi kwa sayari kule juu, zebaki kwa hii ya chupani.

Freddie Mercury ni Farrokh Bulsara, kazaliwa hapa hapa mwaka 1946. Jina kajichagulia mwenyewe ukubwani. Watalii Mji Mkongwe humuulizia yeye tu. Mimi hunishangaza kwamba hawaulizi Tunguu, huku huku Unguja! Mradi wa kwanza wa Wamarekani wa kupeleka watu anga za juu uliitwa Mercury, na moja ya vituo vyake vya kufuatilia chombo kilikuwa pale pale Tunguu. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, tarehe 20 Februari 1962, njia yake ilipita juu yetu. Marehemu babu yako alikuwa akisimulia jinsi watu walivyobishana barazani kama ile ni mitambo ya redio au ya makombora. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, Wamarekani wakaambiwa wafungashe.

Sasa hiyo chupa. Wachimbaji wakichoma dhahabu iliyoshikana na zebaki, usisimame moshi unakoelekea. Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Na ikimwagika usiifagie, itatawanyika vitone vitone. Fungua madirisha, toka, mwite anayehusika.

Mama'ako