Mkaguzi aende saa ya chakula

Umeuliza mkaguzi atajuaje kama wazee wanatunzwa vizuri wodini wakati mafaili huwa safi siku zote. Akae wodini saa ya chakula. Mwaka 2011 tume ya ukaguzi ya Uingereza, CQC, iliingia hospitali 100 bila kutoa taarifa, na kila timu ilikuwa na muuguzi. Hospitali 20 hazikufikia viwango vya heshima au lishe kwa wazee: wasioweza kujilisha hawakusaidiwa, kengele za kumwita muuguzi ziliwekwa mbali na mkono. Kuna hospitali ambako madaktari waliandika maji ya kunywa kwenye karatasi ya dawa ili mgonjwa apewe. Maji jamani! Na wagonjwa wenyewe waulizwe, si ndugu tu.