Maswali ya Wasomaji: Pazia Linapokwama Mezani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi cherehani hapa Tanga na kazi yangu kubwa ni mapazia. Ninatumia cherehani cha kukanyaga chenye meza ya mbao ya zamani, ambayo vanishi yake imekwisha. Kitambaa kizito kinakwama, mishono mingine inarefuka na mingine inabanana, na sindano zinavunjika ovyo. Mwenzangu ananishauri nisugue meza kwa mshumaa ili kitambaa kiteleze. Je, ni sawa?
Msomaji, Tanga

JIBU: Dada yetu, mshumaa uweke kando kwanza, maana dalili ulizozieleza zinaonyesha kwamba kinachokusumbua zaidi ni uzito wa pazia kuliko ukavu wa meza. Kazi ya kusogeza kitambaa ni ya yale meno madogo yaliyo chini ya mguu wa cherehani, yaani kile chuma kinachokandamiza kitambaa, nayo kwa kawaida husukuma milimita mbili au tatu tu kwa kila mshono. Pazia lenye bitana linaponing'inia hadi sakafuni, uzito wake hulivuta kinyume na meno hayo, nayo yakishindwa kulisogeza, mishono hubanana. Kisha wewe unapolivuta kwa mkono ili kusaidia, mshono unaofuata unarefuka. Mkono huo huo ndio unaovunja sindano, kwa sababu sindano iliyomo ndani ya kitambaa kinachovutwa hupinda kidogo na, badala ya kuingia katika tundu la bamba la chuma lililo chini yake, huligonga bamba lenyewe.

Kwa hiyo anza kwa kuubeba uzito. Upande wa kushoto weka meza nyingine, au hata ubao wa pasi unaopandishwa na kushushwa, na nafasi ikiruhusu weka nyingine nyuma ya cherehani ili sehemu iliyokwisha kushonwa isianguke na kuivuta iliyobaki. Kimo cha meza hizo kilingane na cha meza ya cherehani, la sivyo ukingo utakuwa breki mpya. Kama chumba ni kidogo, pazia likunjekunje, sehemu yake uilaze begani na nyingine mapajani, kisha uachie kidogo kidogo kadiri unavyoshona.

Uzito ukishashughulikiwa, ndipo uigeukie meza. Chukua soksi ndefu ya nailoni iliyochakaa, uivae mkononi, kisha upitishe kiganja taratibu juu ya mbao yote, ukianzia pale kichwa cha cherehani kinapokutana na meza. Soksi itanasa kila penye kibanzi, ukucha wa vanishi iliyobanduka au msumari ulioinuka, hata pale ambapo jicho halioni kitu. Weka alama ya chaki kila inaponasa. Kagua pia kile kifuniko cha chuma kinachofunika sehemu ya bobini, yaani kigurudumu cha uzi wa chini, kwa sababu kisipokaa sawasawa kona yake hukwaruza kitambaa.

Mbao ikwanguliwe kwa msasa namba 120, kisha 240, daima kwa kufuata mkondo wa nyuzi za mbao. Uwe na tahadhari: meza nyingi za cherehani zina ganda jembamba tu la mbao nzuri juu, na msasa wa pupa hulitoboa. Futa vumbi lote, paka vanishi nyembamba mara mbili, ukiacha koti la kwanza likauke kabisa na kulipitishia msasa laini kabla ya la pili. Meza ikiwa imechimbika sana, gharama ya kubandika fomaika, yale mabamba magumu na laini ya plastiki, ni afadhali kuliko kuendelea kuiziba.

Sasa tuurudie mshumaa. Maseremala huusugua kwenye droo zinazokwama, na huko unafaa. Lakini kitambaa kilichotoka kwenye pasi kikiwa bado cha moto huyeyusha nta na kuinywa, na kwenye satini hubaki doa kama la mafuta. Isitoshe, vanishi haishiki juu ya nta. Poda ya kunyunyiza mezani nayo, katika unyevu wa pwani, hugandamana na kuingia kwenye meno. Ukitaka msaada wa haraka leo, tandaza karatasi ya kuokea mikate juu ya meza, uikate nafasi kubwa kuzunguka meno na mguu, kisha uishike pembeni kwa utepe wa gundi. Ngozi bandia ni habari nyingine: hiyo hung'ang'ania mguu wenyewe, hivyo tafuta mguu wa teflon, ile plastiki inayoteleza.

SWALI: Mimi nina tatizo la kinyume. Meza yangu ya kukatia ni ya fomaika, na satini inahama kabla sijamaliza kukata.
Msomaji, Nakuru

JIBU: Tandaza shuka la pamba juu ya meza na ulikaze pembeni, kisha ulaze satini juu yake, nyuzi za pamba huishika bila kuiumiza. Kata safu moja badala ya mbili, tumia vitu vizito kushikilia patani badala ya pini, na ule upande wa chini wa mkasi usiuinue kutoka mezani mpaka umalize mstari. Meza hiyo hiyo, ukiondoa shuka, ndiyo ambayo mwenzako wa Tanga angeitamani kando ya cherehani chake.